Mchanga na Mbu

Marguerite hakuwa mtu wa kuchukia kwa nusu. Wapo watu ambao chuki yao ni kama malaria: jioni inapanda, asubuhi imeshuka, mchana wanaomba uji. Ya kwake ilikuwa imehamia na virago vyake. Ililala naye katika chumba chake cha kupanga kule Kinama, ikaamka naye alfajiri, ikateremka naye kwa miguu hadi mjini, maana petroli ikikosekana mabasi nayo hukosekana, na ikaingia naye kazini bila kuchoka. Aliyechukiwa alikuwa tajiri Jovithe. Na kwa jinsi Marguerite alivyoamini, tajiri huyo hakujua hata kama yeye alizaliwa. Hilo ndilo lililomkera kuliko mengine yote.

Jovithe, kama humjui, basi hukai Bujumbura. Saruji ni yake, mabati ni yake, hoteli ya ghorofa ile ya ufukweni ni yake. Picha yake imebandikwa kwenye mzunguko wa barabara, amekunja mikono kifuani, anatabasamu kama mtu aliyekwisha kula na bado anajua kilichobaki chunguni. Vijana humwita PDG, jina ambalo Kifaransa humpa bosi wa mabosi, na wengine wamemweka kwenye kioo cha simu, mahali ambapo mtoto mwenye adabu angeweka picha ya mama yake. Jumamosi huongea redioni. Husimulia alivyoanza na baiskeli moja pale Kinama, akibeba mkaa wa watu. Hapo hakuna wa kumbishia. Baiskeli alikuwa nayo, na wazee wa mtaa wanaikumbuka. Ubishi unaanza akifika ufukweni.

"Pale nilijenga hoteli nilikuta mchanga na mbu," husema, na mtangazaji hucheka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kusikia. "Hakukuwa na mutu. Mchanga na mbu tu."

Uongo mtupu. Watu walikuwepo, tena wengi, tena wenye kelele. Marguerite alikuwepo.

Alivuka kutoka Uvira, Kongo, wakati wa vita, na siku isiyo na ukungu ukisimama karibu na bandari unaiona Uvira ng'ambo ya ziwa, imelala chini ya milima yake, karibu kiasi cha kukutia wazimu. Hakuja na kitu ila mikono. Mikono hiyo akaipeleka kwenye kipande cha ufukwe ambako wavuvi walitia nanga alfajiri, wakishusha ndagala, dagaa wa ziwa letu, wabichi ambao bado waling'aa. Akina mama walinunua, wakawatandaza juu ya vichanja vya waya, wakakaa jua zima kuwageuza na kufukuza mwewe. Ilikuwa kazi ya kunuka. Ukipanda basi jioni watu walisogea bila kuombwa. Lakini ilimlisha, ilimlipia nyumba, na ilimpa ada ya Fabiola, binti yake, aliyemwacha Uvira kwa bibi yake mpaka hali itulie.

Hali haikutulia. Asubuhi moja ya kiangazi lilikuja tingatinga. Nyuma yake polisi, na nyuma ya polisi Jovithe mwenyewe, amevaa viatu vyeupe, anakanyaga mchanga kama mtu aogopaye kuungua. Akina mama wengine walikusanya walichoweza wakakimbia. Marguerite alipanda juu ya kichanja chake, katikati ya ndagala, akakaa. Jovithe alisogea hadi karibu, akamtazama usoni, akamwambia, "Mama, shuka." Marguerite akasema apana.  Kisha tajiri akageuza kichwa, polisi wawili wakamshika makwapa, wakamshusha, na kichanja kikapinduliwa na tingatinga likipita. Ndagala waliokuwa wamebakiza jua la siku moja tu wakaingia mchangani pamoja na waya.

Mwenye nguvu mpishe, wamesema wahenga, na Marguerite alimpisha kwa sababu alibebwa. Hiyo angeweza kuimeza. Wangapi wamefukuzwa katika dunia hii? Asichoweza kumeza kilikuja baadaye, hoteli iliposimama na redio ikaanza kusema kwamba pale hapakuwa na mtu. Kufukuzwa ni jambo moja. Kuambiwa hukuwahi kuwepo ni jingine, na hilo hata mfu hafanyiwi, kwani mfu angalau huwekewa msalaba.

Na nani angemshuhudia? Wenzake walitawanyika. Mmoja alirudi Kongo, mwingine alifuata wavuvi kule Rumonge, mwingine yuko chini ya udongo. Akisimulia kwenye foleni ya maji watu walimwitikia kwa adabu, ndiyo mama, pole mama, kisha wakageukia habari za sukari.

Lakini kidonda chenyewe kilikuwa nyumbani. Fabiola alikuja Bujumbura akiwa msichana mkubwa tayari, wakati mama yake ameshakuwa muhudumu wa kabare, anauza bia na mishikaki mbele ya lango la bandari. Ufukwe hakuuona. Alisoma biashara, na huko darasani mwalimu alimtumia Jovithe kama mfano wa mtu aliyeona mali pale ambapo wengine waliona vichaka. Siku Jovithe alipokuja kuzungumza na wanafunzi, Fabiola alisukumana hadi mbele akapiga naye picha. Akarudi Kinama akiwa amevimba kwa furaha, akamwonyesha mama yake ile simu.

Marguerite alimsimulia upya yote: kichanja, tingatinga, viatu vyeupe. Fabiola alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, upole ule ule wa watu wa foleni ya maji, kwamba labda mama anachanganya, labda ilikuwa ufukwe mwingine, na tajiri mwingine, maana PDG ameeleza mbele ya watu wote kwamba alikuta mchanga na mbu. Mtu mkubwa kama yule adanganye kwa faida gani?

Marguerite aliinuka. Alikwenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Tangu siku hiyo chuki yake ilijua inachotaka. Haikutaka hoteli ianguke, haikutaka tajiri aumwe. Ilitaka mdomo ule ule uliosema "hakukuwa na mutu" useme vingine, na masikio ya Fabiola yasikie. Dua la kuku halimpati mwewe, alijua. Bado aliomba.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja la kabare, kwa anayesoma akiwa mbali na kwetu. Hapa chupa haifunguliwi kaunta. Muhudumu anaileta na kizibo chake, anaiweka mbele yako, unaigusa kidogo kama unapima baridi, unaitika kwa kichwa, ndipo anafungua macho yako yakiona, na kizibo anakirudisha juu ya mdomo wa chupa. Ukienda msalani ukaacha glasi wazi, ukirudi huinywi, hata kama uliyemwachia ni ndugu yako. Tena hasa akiwa ndugu yako. Watu wamesikia mengi ya sumu katika nchi hii, ya kweli na ya kuzuliwa, na hakuna anayetaka kuwa wa kupambanua. Mwenye kukukaribisha kwa heshima ya zamani huonja kwanza yeye, Warundi wanaita gusogongera, kisha anakupa. Ikitokea chupa imekuja wazi, unairudisha bila ugomvi, muhudumu anaomba radhi, yamekwisha. Kwa sababu kuleta chupa wazi ni kosa. Kuileta wazi kwa makusudi si kosa tena, ni maneno.

Marguerite alifanya kazi hiyo miaka kadhaa na hakuwahi kukosea. Alikuwa mlokole, mwimbaji wa kwaya, bia hakuionja tangu alipobatizwa, na Geneviève, mwenye kabare, alimpendea hilo, kwamba ni muhudumu asiyekunywa faida.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa jua kali. Meli ya saruji kutoka Kigoma ilikuwa imefika, na wa ofisi ya forodha walikuwa wamekwenda kula. Jovithe, aliyekuja kukagua mzigo wake, alichoka kukaa ndani ya gari, au labda aliona wachukuzi wengi upande wa pili wa barabara akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa watu. Akavuka. Mlinzi mmoja nyuma yake.

Kabare ilisimama. Nasema ilisimama, kuanzia wachukuzi wenye vumbi la saruji kwenye nyusi mpaka wenye suruali za kupiga pasi. Patrick, kijana anayeshughulikia karatasi za mizigo bandarini na ambaye kwa siku za kawaida hakumpisha mtu kiti, alimpangusia PDG kiti kwa mkono wa shati lake mwenyewe. Kisha akatoa simu, akaiegemeza kwenye chupa yake ya soda, akaanza kurekodi ili mtaa mzima ujue alikaa meza moja na nani. Geneviève alitoka jikoni akifunga kitambaa upya kichwani. Walipeana mikono, walicheka vichekesho ambavyo havijasemwa bado. Ni mtu mmoja tu aliyebaki kaunta bila kusogea, na hakuna aliyemwona.

Marguerite alikuwa anaangalia viatu. Safari hii vilikuwa vya kahawia.  Miaka yote aliyotengeneza maneno ya kumwambia mtu huyu, akiyapanga na kuyapangua njiani kutoka Kinama, na sasa hakupata hata moja. Alisikia sauti ya redio ikiagiza, bila redio:

"Nipe Primus. Amstel ni ya mabosi. Mi bado ni mutoto ya Kinama."

Watu wakapiga makofi. Kwa bia. Wallahi, kama angeagiza maji wangelia.

Geneviève akampigia Marguerite ishara ya haraka. Marguerite akatoa chupa kwenye friji, akaifuta, na huku macho yake yamenasa kwenye lile tabasamu la kwenye mzunguko wa barabara lililoketi sasa hatua chache kutoka kwake, mkono wake ukachukua kifungulio ukafungua. Hakukusudia. Mkono ulifanya kwa hasira kile ambacho kichwa hakikuagiza. Aligundua akiwa katikati ya meza, chupa inatoa povu kidogo, kizibo kimebaki kaunta.

Angeweza kurudi. Hakuna aliyekuwa amemtazama, na friji ilikuwa na chupa nyingine. Alisimama pale na trei yake, na akaona wazi, kama vile amesomewa, kwamba akirudi ataleta chupa safi, atasema karibu patron, tajiri atakunywa, atapigiwa makofi, ataondoka, na Jumamosi atasema tena habari za mbu. Basi hakurudi. Alikwenda akaiweka bia mbele ya Jovithe, pamoja na glasi, akabaki amesimama.

Jovithe alikuwa anamweleza Patrick kitu kuhusu bidii. Akanyoosha mkono kuigusa chupa, akaona mdomo wake ulivyo uchi. Mkono ukarudi. Meza zilizo karibu ziliona, zikanyamaza, na kimya kikasambaa hadi kwa wachukuzi wa nyuma. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Mama, hii bia nani aliifungula?"

"Ni mi."

"Wapi?"

"Kule kaunta."

Alijaribu kuwa mpole, kwani simu ya Patrick ilikuwa inamtazama. Akamwambia airudishe, alete ingine, aifungue pale mbele yake. Ilikuwa haki yake, na muhudumu mwingine yeyote angeomba radhi akakimbia. Marguerite hakukimbia.

"Unaniogopa juu ya nini, patron?"

"Siko nakuogopa. Leta ingine."

"Mi na we hatujuane," Marguerite alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko alivyowahi kuitumia kanisani. "Mutu mwenye hatujuane naye atakutilia sumu juu ya nini? Kama hukunikosea kitu, kunywa."

Hapo ndipo Jovithe aliinua uso akamtazama, si kama mtu anavyotazama trei bali kama mtu anavyotazama mtu.  Marguerite aliyaona macho yale yakitafuta, yakipekua, na yakapata. Uso wa tajiri ukabadilika rangi. Hofu haina redio, haina mtangazaji wa kuichekea. Humtoka mtu kama ilivyo. Alisukuma kiti nyuma, akamgeukia mwenye kabare.

"Geneviève, huyu mama ulimutoa wapi? Mi namujua huyu. Ni wa wale wamama wa ndagala kule nilijenga hoteli. Ni ule alikalia kichanja akakatala kushuka, mpaka polisi wakamubeba. Leo anataka kuniua."

 Mafuta ya kukaangia ndizi yalisikika yakichemka jikoni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilikuwa fupi kuliko meza. Kisha mchukuzi mmoja wa nyuma, mzee mwenye gunia tupu begani, alisema polepole, kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa na nia ya kumdhihaki mtu:

"Kumbe kulikuwa watu."

Jovithe alisikia.  Ukiwaona matajiri kwenye picha unadhani maneno hayawaishii, lakini haya yalimwishia kabisa, na kila lililokuwa limebaki lingemzamisha zaidi.

Marguerite alichukua glasi, akamimina, akanywa. Hakuonja tu, alikunywa yote, akiwa amesimama, mwimbaji wa kwaya mbele ya bandari nzima, huku uchungu wa bia ukimkereketa koo kama dawa. Akajua Jumapili pasta atamketisha benchi la nyuma, na bado akaimaliza. Akarudisha glasi mezani.

"Haina kitu," alisema. "Mi nilitaka tu useme."

Mlinzi alimnyang'anya Patrick simu akamwamuru afute alichorekodi. Patrick akaapa kwa Mungu na kwa mama yake kwamba amefuta, akarudishiwa. Alimpenda PDG, ni kweli, lakini hakuwa mjinga: mambo kama yale hayafutwi. Jovithe alivuka barabara bila kuaga wala kupeana mikono, akaingia garini, na gari likakaa pale pale na vioo juu, kwa sababu wa forodha walikuwa bado wanakula.

Geneviève hakumpigia Marguerite kelele. Alimvuta jikoni, akamwambia kwamba yeye ana watoto, na leseni ya kabare, na mtu yule anakula na wanaotoa leseni. "Mama Fabiola, enda," alisema. "Usirudi kesho." Hakumtazama usoni alipokuwa anasema, akampa mishikaki iliyobaki amefunga kwenye karatasi. Marguerite aliiacha juu ya meza. Hakuwa na hasira na Geneviève, ila hakutaka kumsaidia alale vizuri.

Alipanda Kinama kwa miguu, jua la alasiri mgongoni. Njiani alijaribu kufurahi akashindwa. Chuki haikuondoka, kama alivyotarajia. Ilitembea naye vile vile, ila imenyamaza kidogo, kama mgeni aliyekwisha kula.

Fabiola alikuwa nyumbani kabla yake. Amekaa kwenye kizingiti, simu mkononi, na kutoka kwenye simu hiyo Marguerite alisikia sauti aijuayo ikisema, "Ni ule alikalia kichanja." Fabiola aliirudisha nyuma, ikasema tena. Haikuwa mara ya kwanza kuirudisha. Macho yake yalikuwa mekundu. Mtaa mzima ulikuwa na video hiyo. Patrick alikuwa mwepesi.

"Mama," alisema. "Ulikalia kichanja."

"Nilikuambia."

"Hukuniambia polisi walikubeba."

"Nilikuambia. Uliniambia labda ni ufukwe mwingine."

Fabiola aliinamisha kichwa. Alianza kusema kitu kuhusu mwalimu, kuhusu walivyofundishwa, kuhusu jinsi mtu asingeweza kudhani, na maneno yakamchanganyikia. Marguerite hakumsaidia. Wapo akina mama ambao wangemkumbatia hapo hapo, na mimi siwalaumu. Huyu alipita juu ya miguu ya binti yake, akaingia ndani, akajimwagia maji usoni kuondoa harufu ya bia. Alipotoka alikuta Fabiola hajasogea.

"Kesho uko na darasa?" alimwuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ule mwalimu akisema tena mambo ya mchanga na mbu, we simama. Umwambie mbu mmoja ni mama yako."